Meli Tatu za Mzee Quast

Chombo pekee ambacho Eggert Quast alikizamisha kwa hakika, mbele ya mashahidi, kilikuwa kivuko chake mwenyewe. Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nane, asubuhi ya siku ya soko, mto Elbe umejaa ukungu, naye akakigongesha kwenye gati la mawe kikiwa na ng'ombe kumi na mmoja na mwalimu mmoja wa muziki. Ng'ombe waliogelea hadi ukingoni. Mwalimu wa muziki alitoka mtoni amepanda mgongo wa mmojawapo. Quast alishika usukani mpaka maji yakamfika kiunoni, ndipo akapanda gatini, akakamua soksi zake. Nimemsikia akiulizwa habari za siku hiyo mara nyingi, na kila mara alijibu kwamba gati lilikuwa pale tangu zamani za babu yake, kwa hiyo kosa ni lake yeye.

Mtu wa kujibu hivyo hafai kuwa shujaa. Shujaa angesema gati lilimjia.

Mimi naitwa Alwin Kröger, kazi yangu upishi. Nilimpikia Quast ndani ya nyambizi kwa miezi kumi na minne wakati wa vita, na baada ya vita nikamkatia watu tiketi kwenye kivuko kwa miaka kumi na saba. Kwa hiyo mkisikia mtu mwingine anahadithia habari za Quast, hasa akiwa na suti nzuri, mwulizeni kama aliwahi kumwona akila.

Ujanani Quast alikuwa amefanya kazi kwenye meli za mizigo, akapewa cheo cha afisa wa akiba, kisha watu wakamsahau na yeye akajisahau. Lakini kufikia mwaka arobaini na mbili makamanda hodari wa nyambizi walikuwa wamekwisha, maana hodari ndio wanaotangulia kufa, na wakubwa wakaanza kushuka kwenye orodha ya majina hadi wakafika herufi ya Q. Alikuwa na miaka thelathini na sita na magoti mabovu. Katika jeshi letu la majini kila kamanda wa nyambizi huitwa Mzee, hata kama ndevu hazijamwota. Wetu alistahili jina. Akipanda ngazi ya mnara wa nyambizi, magoti yake yalisikika mpaka jikoni kwangu.

Siku hizo kila mji ulitaka kuwa mlezi wa nyambizi. Miji mikubwa ilipata nyambizi zenye sifa. Sisi tulilelewa na Gansbrück, mji mdogo wa vilimani huko kusini, ambako maji mengi kuliko yote ni bwawa la mabata bukini. Walituchukua kwa sababu mtu wetu wa redio, Ruprecht Haller, ambaye sote tulimwita Rupp, alikuwa mtoto wa pale, na mama yake, Bi Walburga, ndiye aliyekuwa akifuga mabata hao. Meya wa mji, Bwana Zwiesel, muuza kofia, alituletea mikebe ya mafuta ya bata, jozi arobaini na sita za soksi zote za saizi moja, picha yake mwenyewe ndani ya fremu, na kitambaa cha meza cheupe kilichodariziwa, kirefu kiasi kwamba hapakuwa na meza ndani ya chombo chote ya kukitandika. Nasi kwa shukrani tukachora bata mkubwa kwenye mnara wa nyambizi. Adui akituona, nadhani alidhani tunauza nyama.

Pamoja na zawadi ilikuja barua. Meya aliuliza tumezamisha meli ngapi. Walikuwa wametundika ubao ukutani mwa jengo la manispaa, na kila meli ingechorwa pale. Ubao ulikuwa mtupu. Mji jirani, Oberlauch, ulikuwa umebahatika kulea nyambizi yenye meli tisa, na watu wa Oberlauch walikuwa wakija Gansbrück Jumapili makusudi, wanasimama mbele ya ubao wetu, wanautazama kwa muda mrefu, kisha wanauliza kwa upole kama rangi imeadimika.

Tatizo lilikuwa Mzee. Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa: hakuwa mpenda amani. Alikuwa mtu aliyeona wazi kwamba ukimpiga mwenzako naye atakupiga, na yeye hakupenda kupigwa. Akiweka jicho kwenye darubini, ile ndefu inayochungulia juu ya maji, angesema bahari imechafuka. Bahari ikitulia, angesema wako mbali mno. Mara moja aliitazama meli ya Kinorwe kwa dakika nzima, akasema anaijua ile, mpishi wake alimpa supu ya samaki huko Bergen mwaka ishirini na tisa, supu yenye bizari, kisha akaamuru tugeuze. Mara nyingine alilenga kweli kweli meli ya mafuta, akakosa, na siku mbili hakula. Sijui kama ni kwa hasira au kwa shukrani, sikumuuliza. Na sisi wengine tulikuwa tumekaa tumboni mwa chombo cha kuulia watu, tunapaka mkate mafuta ya bata. Nalisema hilo mwenyewe kabla hujaniambia wewe.

Alichokijua ni kupiga mbizi. Nyambizi nyingine zilitoweka juu ya maji kwa sekunde thelathini, sisi kwa ishirini na nne. Tuliona nukta angani, tumeshazama. Siku moja tulizama mara tatu kwa ajili ya shakwe, na naamini alikuwa shakwe mmoja. Wenzetu waliokaa juu kuhakikisha kama ni ndege wa mbawa au ndege ya mabomu hawakurudi kutuambia jibu.

Ndiyo maana tulimpenda. Tulimpenda kama mtu anavyolipenda blanketi lake, bila kulisifia mbele za watu.

Sasa kulikuwa na desturi moja. Nyambizi ikirudi bandarini kwetu, kule Ufaransa tulikokuwa tumejikalisha, ilipaswa kupandisha vibendera vyeupe juu ya darubini, kimoja kwa kila meli iliyozama, kimeandikwa ukubwa wake. Bendi ilisubiri gatini, na wauguzi wenye maua. Safari ya kwanza tulirudi bila kibendera. Kiongozi wa bendi alitutazama, akatafuta, akapiga nusu ya wimbo akaacha. Safari ya pili hakupiga kabisa, na wauguzi walificha maua nyuma ya migongo yao, wakayatunza kwa nyambizi itakayofuata.

Mkuu wa kikosi alimwita Mzee ofisini. Alimwambia wazi kwamba akirudi mtupu mara ya tatu, ataenda zake kwa ng'ombe wake, na chombo atapewa luteni wake, Volkmar von Stettnitz. Mzee alikuja akatuambia yote haya tukiwa mezani, huku akimenya yai. Hakuonekana mwenye huzuni. Alisema ng'ombe ni abiria wazuri, hawaulizi tutafika saa ngapi. Wenye huzuni tulikuwa sisi.

Maana huyo Stettnitz alikuwa na miaka ishirini na minne na shingo inamwasha. Ndivyo tulivyowasema jeshini wale waliokuwa wakiitamani ile nishani ya msalaba inayovaliwa kooni: shingo inamwasha. Kwao walikuwa na ngome iliyokuwa haina paa tangu enzi za babu wa babu, na nadhani alitumaini nishani ingesaidia kuziba. Alisema mbele ya watu kwamba nyambizi inayorudi na torpedo zake zote, yale makombora ya kuzamishia meli, ni duka lisilofunguliwa. Alitaka tuelee juu ya maji mchana kweupe, tuingie katikati ya msafara wa meli, tupige kushoto na kulia. Na hii ilikuwa masika ya mwaka arobaini na tatu, wakati nyambizi zilikuwa zikitoka kama kawaida na kurudi ndiko kulikokuwa jambo la ajabu. Rupp alizisikia redioni. Makao makuu yaliita nyambizi kwa namba yake, yakaita tena, yakaita tena kesho yake, kisha yakaacha. Mwanzoni alikuwa akitusimulia. Baadaye akawa anakuja jikoni kimya, ananisaidia kumenya viazi.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi tulipotoka mara ya tatu: Mzee akipata meli, tunabaki na Mzee na tunaishi. Mzee asipopata, tunapewa Stettnitz, na tunakufa. Na kila mtu ndani ya chombo kile alijua kwamba Mzee hawezi kupata meli hata ikiwa imefungwa kamba gatini. Samahani, gatini aliweza.

Siku ya ishirini na sita, saa tatu asubuhi, tuliona msafara. Ulikuwa mbali, nusu umemezwa na ukungu, na manowari za ulinzi zinauzunguka. Stettnitz alisimama begani kwa Mzee na karatasi yake ya hesabu za kulenga, anapumua kwa mdomo. Mzee hakuwa na pa kutokea. Alipiga torpedo tatu kutoka umbali ambao mimi nisingetupa hata jiwe, na kabla ile ya tatu haijatoka vizuri alishaamuru tuzame. Tulishuka. Tukasubiri. Muda ulipita mwingi mno, mpaka mtu mmoja akaanza kukohoa. Kisha tukasikia mlipuko, na wa pili, na wa tatu.

Stettnitz aliinua mikono juu kama mtu aliyeokoka. Aliapa amesikia vyuma vikikatika. Mzee alimjibu kwamba torpedo ikichoka safari hulipuka yenyewe, na kwamba yeye amesikia torpedo tatu zilizochoka. Akamwandikisha Rupp ujumbe wa kutuma makao makuu: torpedo tatu zimepigwa, meli tatu zimekoswa, tunarudi kwa ajili ya mafuta. Kisha akaenda kulala, amefunga magoti kwa sufi.

Rupp alikuja jikoni na ile karatasi.

"Mpishi," akaniambia, "nikibadilisha neno moja tu hapa, tunaye Mzee mpaka vita viishe."

"Utapigwa risasi wewe."

"Na nani? Kule juu ukungu, huku chini ni sisi. Hata bwana shingo anaapa zimezama. Atagombana na sifa yake mwenyewe?"

"Na Mzee akijua?"

"Akijua atanuna. Wacha anune. Bora anayenuna akiwa hai." Akachukua kiazi, akakiweka. "Mama yangu ana mimi tu, Alwin."

Ni mara hiyo moja tu aliniita Alwin. Nilichofanya ni kwenda nyuma ya magunia, nikatoa kile kitambaa cha meza cha Gansbrück, nikatafuta mkasi. Rupp akaenda kwenye mashine yake, na neno "zimekoswa" likafika makao makuu likiwa "zimezama". Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha yai.

Bahati mbaya, au bahati nzuri, sijui tuiite nini, makao makuu hawakuwa wamepokea habari njema hata moja wiki ile. Walikuwa na redio ya taifa na wapiga tarumbeta ambao walikuwa wakilipwa bure. Kabla hatujaona pwani, nchi nzima ilikuwa imeshasikia, mara mbili, kwa tarumbeta, kwamba nyambizi yenye bata imevunja msafara wa adui. Huko Gansbrück mchoraji mabango, ambaye hajawahi kuona bahari, alichora meli tatu zinazowaka moto siku hiyohiyo, na Jumapili watu wa mji walivaa vizuri wakaenda Oberlauch kwa miguu kusalimia.

Mzee hakujua lolote mpaka tulipokaribia mlango wa bandari. Alipanda juu ya mnara, akainua kichwa, akaona vibendera vitatu vinapepea. Kimoja bado kilikuwa na nusu ya mdomo wa bata uliodariziwa, sikuwa na muda wa kuufumua.

"Alwin, hivi ni vya nani?"

"Vyetu, Mzee."

Nikamweleza haraka haraka, huku bendi imeshaanza. Aliposikia la redio alishika ukingo wa mnara. Akasema akishuka tu anamwambia mkuu wa kikosi ukweli.

"Ukimwambia," nikasema, "chombo ni cha Stettnitz leo hii hii. Na Rupp atasimamishwa ukutani. Tulifanya ili ubaki, Mzee. Usituache."

Chini yetu vijana walikuwa wamejipanga sitahani, ndevu zao zimeota ukungu, wanamtazama yeye, si bendi. Aliwatazama kwa muda. Huyu ndiye mtu ambaye hakuwahi kukana hata gati.

"Haya," akasema. "Nitanyamaza."

Nilifurahi mpaka nikataka kucheza. Nasema ukweli, ile ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote katika vita vile, na wauguzi wakanipa maua.

Siku tatu baadaye Mzee alivalishwa msalaba kooni. Siku ya nne akapewa barua. Makao makuu yalikuwa yamefikiri kwa kina. Mtu anayeweza kupiga meli tatu kwa torpedo tatu kutoka umbali ule, ndani ya ukungu, ni hazina, na hazina haitupwi baharini. Nahodha Quast aende bahari ya Baltiki, kwenye chuo, akawafundishe vijana kulenga. Na kwa kuwa hesabu za kulenga ziliandikwa na Luteni von Stettnitz, chombo apewe yeye.

Nilikuwepo alipoingia kwa mkuu wa kikosi, nimeshika trei ya kahawa mlangoni. Sikuwa nimewahi kumsikia Mzee akipaza sauti mpaka siku ile.

"Afande, sikuzamisha kitu. Zote tatu zilikosa."

Mkuu wa kikosi alicheka, akasema unyenyekevu unampendeza.

"Sio unyenyekevu, Afande. Nilikosa. Habari zile ni za uongo."

"Quast, redio ya taifa imetangaza. Unataka kusema redio imesema uongo?" Mkuu hakucheka tena. "Ukirudia hilo neno nitalazimika kukufungulia mashtaka, na wewe na kila aliyekuwemo humo ndani."

Mzee akasimama pale, hana mbele wala nyuma. Akisema kweli vijana wanauawa na Wajerumani wenzao, akinyamaza wanauawa na Waingereza. Mwisho akaomba angalau aruhusiwe kuondoka na mtu mmoja. Akaruhusiwa. Akasema anamtaka Haller, mtu wa redio. Mkuu akasema watu wa redio ni adimu, hapana. Kisha akaniona mimi na trei yangu, akasema, "Mpishi mchukue. Wapishi wako tele."

Hivyo ndivyo nilivyookoka: kwa sababu tulikuwa wengi.

Rupp alinisindikiza mpaka kwenye gari la moshi. Nilishindwa kumtazama.

"Acha kununa, Mpishi," akasema. "Tulitaka abaki, si amebaki? Tulisahau tu kutaja wapi."

Alicheka, lakini midomo ilikuwa imemkauka. Waliondoka bandarini Jumatano. Stettnitz alidumu siku kumi na nane. Makao makuu yaliwaita kwa namba siku nne, kisha yakaacha. Watu arobaini na sita, pamoja na mpishi mpya ambaye sikuwahi kujua jina lake.

Huko chuoni Mzee alifundisha vijana kupiga mbizi haraka, basi. Wakaguzi wakija alichora pembe za kulenga ubaoni na kuzifuta kabla hazijasomeka. Vita vikaisha, Waingereza wakatunyang'anya mikanda na darubini za mkononi wakatuachia tuende, naye akarudi mtoni. Kivuko kilikuwa kimeinuliwa zamani. Akaniambia anahitaji mkata tiketi.

Kila mwaka ilikuja barua kutoka Gansbrück, na kila mwaka hakuijibu. Bwana Zwiesel aliondolewa umeya kwa miaka miwili baada ya vita, kisha akarudi, koti lilelile, beji mpya. Alitaka shujaa wa mji aje ale chakula cha mchana na wananchi. Mwaka hamsini na sita barua haikutoka kwa meya. Ilitoka kwa Bi Walburga Haller, kwa mwandiko wake wa mkono, mkubwa kama wa mtoto. Alisema anatimiza miaka sabini, mapafu yake si mazuri, na angependa kabla hajafa kumwona mtu aliyekuwa akiishi na mwanawe.

Mzee aliisoma katikati ya mto, akaikunja. "Tutakwenda," akaniambia. "Na nitawaambia."

Tulifika Jumapili, baada ya ibada. Ukumbi wa nyumba ya wageni ulikuwa umejaa, bata wa kuchoma, kabichi nyekundu, matonge ya viazi makubwa kama ngumi. Ule ubao walikuwa wameuficha wakati Wamarekani wakiukalia mji na sasa umetundikwa tena, safari hii humo ukumbini, meli tatu, moto mwingi, mawimbi yaliyofanana na vilima vya pale. Meya alihutubia. Alizungumza kuhusu wajibu, kuhusu bahari, kuhusu wajibu tena. Kisha Mzee akasimama kwa shida, magoti yakalia.

"Mimi sikuzamisha meli hata moja," akasema. "Torpedo zangu tatu zililipuka zenyewe, mbali na watu. Nishani ile nilipewa kwa uongo, na kwa ajili ya uongo huo vijana arobaini na sita wamekufa. Naomba ubao ule muushushe."

Nikafikiri, sasa limekwisha. Ndipo meya akaanza kupiga makofi, polepole, macho yamemlowa, na ukumbi mzima ukasimama. "Mnamwona," akasema meya. "Hivi ndivyo walivyo watu wa bahari. Hajisifu." Mzee akapaza sauti kwamba anasema kweli tupu. Makofi yakazidi. Babu mmoja wa mezani kwetu akamwegemea jirani yake akasema yule kamanda wa Oberlauch alijisifu saa mbili nzima bila kunywa maji, tofauti ya malezi inaonekana. Bendi ikapiga. Mzee akaongezewa paja la bata.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Bi Walburga alizunguka meza taratibu, akivuta kiti chake, akakaa katikati yetu. Alikuwa mdogo wa mwili, mikono mikubwa.

"Mimi nakuamini," akamwambia Mzee. "Ruprecht aliniandikia kwamba huwezi kulenga hata ukuta ukiwa umeuegemea. Alisema ndiyo sababu nisiwe na wasiwasi."

Mzee akainamisha kichwa.

"Sasa nieleze kitu kimoja, baba. Kama zilikosa, nani aliwaambia wale wakubwa kwamba zimezama?"

Dunia nzima ilikuwa na watu wawili tu waliojua jibu lile, na mmoja wao mdomo wake ulikuwa umejaa bata. Nikaacha kutafuna. Nilimwona Mzee akinitazama, mara moja, si kwa kuniuliza. Kisha akamgeukia mama.

"Mimi, mama. Niliandika mwenyewe. Niliitaka ile nishani."

"Ruprecht ndiye alikuwa na mashine."

"Alikataa kutuma. Aligoma kabisa, alisema ni uongo. Nikamlazimisha, ilikuwa amri."

Alimwamini palepale. Ukumbi mzima ulikuwa umeukataa ukweli aliousema mara mbili kwa sauti ya juu, na uongo huu aliousema mara moja, kwa sauti ya chini, ukapita bila kuulizwa.

Bi Walburga aliikusanya mikono yake mapajani. Nilidhani atampiga. Ningependa angempiga.

"Miaka kumi na tatu," akasema, "nimekuwa sina wa kumchukia. Nilikuwa nalala na hasira, sijui niipeleke kwa nani. Ahsante." Akasimama, akachukua kiti chake, akakivuta mpaka mwisho wa meza, akakaa akiwa ametupa mgongo.

Kwenye gari la moshi kurudi kulikuwa na mwanga bado, mashamba yanapita dirishani. Nilimwambia Mzee kwamba kitambaa nilikikata mimi, kwamba vibendera vyote vitatu nilivishona mimi, kwamba nilikuwa na uwezo wa kumzuia Rupp na sikumzuia.

"Najua," akasema.

"Sasa mbona ulijibebesha peke yako?"

"Ulikuwa umekaa hapo hapo, Alwin," akasema, bila ukali wowote. "Nilingoja kidogo."

Bi Walburga alifariki mwaka uliofuata, na katika mwaka huo, nimeambiwa, hakupita chini ya ubao ule bila kutema mate. Mzee alikufa msimu wa baridi wa sitini na mbili. Mimi ndiye niliyeosha mwili wake. Nimesubiri miaka mingine minne, na leo ndiyo ninaandika kwamba ni Rupp na mimi, sasa ambapo hakuna tena hata mmoja aliyebaki wa kunitazama usoni.